Januari Huanza Wakati wa Mavuno

Shule zetu za sekondari hupokea kidato cha kwanza mwezi Januari. Hebu tuulizane: mkulima wa Songea, wa Namtumbo au wa Mbozi, Januari ana nini mkononi?

Ana jembe. Mahindi yamefika magotini na magugu hayamsubiri mtu. Akiba imekwenda kwenye mbegu na mbolea. Ghalani limebaki gunia la kuivusha familia mpaka mahindi mabichi yapatikane, na pengine hilo nalo limeshafunguliwa. Mvua inanyesha, njia haipitiki. Ndipo mtoto aliyefaulu darasa la saba anapoleta karatasi ya maelekezo ya kujiunga na shule: sare jozi mbili, sweta, viatu vyeusi, madaftari makubwa, begi, ndoo, fyekeo, ufagio, pengine na rimu ya karatasi.

Mkulima huyo huyo, mwezi Julai, alikuwa na magunia uani na mnunuzi mlangoni.

Kwa hiyo leo naomba tuzungumze habari ya kalenda. Watoto wengi wa vijijini wanaokwama njiani kwenda sekondari wana akili za kutosha, na wazazi wao wanawapenda. Wanakwamishwa na vitu vidogo vidogo vinavyodaiwa vyote kwa mpigo, katika mwezi ambao nyumba haina kitu. Na kitu kidogo kina uzuri wake: jirani anaweza kukibeba.

Kazi kubwa imeshafanyika, tena kwa mikono yetu. Mnakumbuka mwaka 2006? Watoto walikuwa wanafaulu na madarasa ya kuwapokea hayapo. Tukaambiwa kila kata iwe na sekondari yake. Watu walichimba msingi, wakasomba mchanga na mawe, akina mama wakabeba maji, wazee wakatoa viwanja. Maboma yakasimama, serikali ikaezeka. Nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 1,745 mwaka 2005. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Walikuwepo waliozicheka wakaziita yeboyebo. Leo wapo wauguzi, walimu, maofisa ugani na mafundi umeme waliosomea humo humo kwenye yeboyebo, na baadhi yao wanasoma maneno haya.

Kisha ada ikaondoka. Shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni zilifutwa kuanzia Januari 2016, kidato cha kwanza hadi cha nne. Julai 2022 ikawa zamu ya kidato cha tano na cha sita. Ni hatua kubwa, na wenye watoto wengi wanajua ukubwa wake.

Ada ilipofutwa, mambo machache yalibaki kwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, matibabu, nauli, na chakula cha mchana kwa mtoto wa kutwa. Ukiyataja haraka hivyo yanaonekana mepesi. Uzito wake anaujua mama mwenye watoto watatu, anayeyasikia yote mara tatu.

Sasa turudi Julai. Unapopima mahindi na kutenga ya chakula, ya mbegu na ya kuuza, je, kuna fungu la Januari?

Naomba liwepo. Kaeni mezani, au mkekani, baba, mama na mtoto mwenyewe aliye darasa la saba, mchague gunia na kuliita la shule. Mtoto alifunge kwa mikono yake. Liwekwe kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa, ya kinga njaa, ili dumuzi wasije wakasoma badala yake. Bei ya mahindi Januari kwa kawaida iko juu kuliko ya Julai, kwa hiyo gunia hilo linaweza kuwa limeongeza thamani likiwa limelala tu. Ukiona kuna hatari ya kuliuza kabla ya wakati, basi liuze mapema na ununue kitambaa cha sare siku hiyo hiyo. Kitambaa hakina wa kukikopa.

Fundi cherehani wenu anafanya nini mwezi Agosti? Mara nyingi anasubiri wateja. Januari anakesha na bado foleni haiishi, na mtoto anaripoti wiki mbili baada ya wenzake kwa sababu shati liko kwenye foleni. Mama, peleka kitambaa Agosti. Nawe fundi wangu, pokea malipo kidogo kidogo, andika kwenye daftari lako, na acha pindo refu chini, maana mtoto wa miaka kumi na nne hurefuka usiku mmoja. Ukiweza kushona sare moja ya bure kwa mwaka, kwa mtoto ambaye wewe na mwalimu mmemtambua, hilo utalijua wewe na Mungu wako.

Kila mahali pana msimu wake. Wenzetu wa Newala na Tandahimba kalenda imewapendelea: korosho huanza kuuzwa Oktoba, na pesa huwakuta karibu na Desemba. (Desemba nayo ina mambo yake, sote tunaifahamu.) Pamba ya Simiyu huuzwa katikati ya mwaka, na kahawa ina miezi yake kulingana na mkoa. Kama mna chama cha msingi cha ushirika, je, mmewahi kujadili katika mkutano mkuu wa wanachama kwamba shilingi chache kwa kila kilo, kwa ridhaa ya wote, ziende kwenye mfuko wa elimu? Jambo hilo si geni. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilitumia fedha za kahawa kusomesha vijana, na matunda yake tuliyala nchi nzima.

Na kina mama wa VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, mnajua tayari ninachotaka kusema. Mgao wenu wa mwisho wa mwaka ukifanyika mwanzoni mwa Desemba badala ya mwishoni, unapita dukani kwa madaftari kabla haujapita kwingine. Mfuko wa jamii mlio nao kwa ajili ya misiba na magonjwa ukiongezewa mstari mmoja wa shule, hautakufa.

Nije kwenye chakula, maana hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mtoto ametoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Pengine amekunywa chai ya rangi, pengine hakunywa. Anafika, anafagia uwanja, anaingia darasani. Saa nane mchana bado yuko darasani, somo ni hesabu. Umewahi kufanya hesabu na njaa ya tangu jana jioni? Mwalimu anaona mtoto mzito, na mzazi anapoletewa matokeo anaona mtoto asiyejitahidi. Kumbe hakuna mzito wala mvivu hapo. Kuna tumbo tupu.

Hesabu yake ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto akila mahindi robo kilo kila siku ya shule, kwa mwaka mzima ni kilo 48 na nusu. Gunia moja la kilo mia linalisha watoto wawili mwaka mzima, na kidogo kinabaki. Ongeza maharage, chumvi, mafuta kidogo na ujira wa mpishi, hayo ndiyo makande ya shule. Robo kilo kwa siku! Wakati wa mavuno kiasi hicho humwagika njiani kutoka shambani, na kuku wakakiokota.

Ugumu mara nyingi unakuja kwenye namna ya kukusanya. Shule ikiomba Januari, inaomba kwa mtu asiye nacho, na wote wawili wanaona haya. Shule ikiomba Juni na Julai, mahindi yakiwa bado uani, mzazi anachota madebe mawili na nusu bila kuita kikao. Wakuu wa shule na kamati za chakula, jaribuni kusogeza kampeni yenu iende na mavuno. Wazazi, chagueni miongoni mwenu watu wawili wanaoaminika, mama mmoja na baba mmoja, wakae na funguo za stoo pamoja na mwalimu. Mwenye mashine ya kusaga, je, unaweza kusaga unga wa uji wa shule kwa bei ya dizeli tu? Mwenye ekari nyingi, je, kuna robo ekari ambayo mwaka huu inaweza kulimwa kwa jina la shule, vijana wakaja kupalilia siku ya Jumamosi?

Na yule ambaye kweli hana hata debe? Yupo, katika kila kijiji. Mtoto wake ale pamoja na wenzake, sahani ile ile, foleni ile ile. Mzazi huyo akileta kuni, au akija kusaidia kuchota maji siku mbili, amechangia. Tusiruhusu mtoto akae chini ya mti akitazama wenzake wakila.

Habari nyingine ni umbali. Kata moja ina vijiji kadhaa na shule ipo katika kimoja. Kwa mtoto wa kitongoji cha mbali, shule ya kata iko mbali sawasawa na mjini. Anaamka saa kumi usiku. Wengine, wanapochoka, huungana watatu wanne na kupanga chumba karibu na shule. Wenyewe wanakiita geto.

Mmewahi kuingia katika geto la wanafunzi? Chumba kimoja, mkeka au godoro moja, mafiga matatu nje, kiroba cha unga kwenye kona, madaftari dirishani. Ijumaa jioni wanatembea kwenda nyumbani kuchukua unga, Jumapili wanarudi. Wana miaka kumi na minne, kumi na mitano. Wanapika wenyewe, wanaumwa wenyewe, wanaogopa wenyewe. Ukitaka kujua ushujaa wa vijana wetu usiende uwanja wa mpira, pita pale jioni uone anayekoroga ugali kwa mkono mmoja na kushika daftari kwa mwingine.

Dawa ya kudumu ni hosteli na shule za karibu. Zinajengwa. Mradi wa SEQUIP unapeleka sekondari katika kata zisizokuwa nazo, na shule za sayansi za wasichana 26, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Pengine kijijini kwenu kuna boma la hosteli lililoishia kwenye lenta, limeota nyasi. Je, si wakati wa kulifyeka na kumwita diwani aje alione?

Ila mtoto wa mwaka huu hawezi kusubiri paa. Kwa hiyo naomba nizungumze na wewe bibi, na wewe mama, ambaye nyumba yako iko karibu na shule.

Una chumba ambacho wanao walikiacha walipoolewa au kwenda mjini? Wasichana wawili wakilala humo, watakuchotea maji na kukusogezea kuni, nawe utakuwa na sauti za watu nyumbani. Kama huna chumba, una macho. Geto likiwa jirani yako, piga hodi saa mbili usiku. Uliza wamekula nini. Jua majina yao na simu za wazazi wao. Ukipika mchicha, sufuria haiumii ukichota bakuli moja. Kijana anayejua kwamba kuna mtu atakayepita kumwangalia huishi tofauti na anayejua hakuna.

Nawe mzazi, kabla ya kulipa kodi ya chumba, mwone mwenye nyumba uso kwa uso. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji umwambie: "Mwanangu anaishi hapa, huyu ndiye, naomba umwandike." Ni nusu saa tu. Mwenyekiti akishaandika jina la mtoto, mtoto amekuwa wake.

Kijana wangu wa bodaboda, wewe unazijua njia hizi kuliko mwalimu. Unawaona watoto alfajiri, unawaona wakinyeshewa. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa, na sidhani kama nahitaji kukusomea, maana unayo habari. Nakuomba jambo zuri zaidi ya kuogopa sheria. Kaeni kijiweni kwenu mkubaliane kwamba aliyevaa sare ni mdogo wenu. Siku ya mvua kubwa wapakieni kwa zamu, wapelekeni hadi getini, kiongozi wa kituo ajue nani kampakia nani. Nawe fundi baiskeli, pancha ya mwanafunzi izibwe leo, malipo yaje kesho.

Kuna jambo la wasichana ambalo sisi wanaume hulikwepa, nami nitalisema kwa ufupi lakini nitalisema. Binti asipokuwa na pedi hukosa shule siku kadhaa kila mwezi, na siku hizo zikijumlishwa ni masomo mengi. Pedi za kufua zinashonwa kwa kitambaa na cherehani hii hii tuliyokwisha kuitaja. Baba, unapotoa pesa ya madaftari ya binti yako, ongeza ya pedi bila kuulizwa. Bodi ya shule ihakikishe maji yapo chooni na mlango unafungwa kwa ndani.

Na ikitokea binti amepata mtoto kabla ya kumaliza? Tangu Novemba 2021 mlango wa kurudi katika shule ya serikali uko wazi. Waraka wa elimu ulitolewa na wakuu wa shule wanaujua. Pia ipo njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa anayeona vigumu kukaa tena na darasa lake. Anachokosa binti huyu mara nyingi ni mtu wa kukaa na mtoto saa za masomo, na mtu wa kwenda naye siku ya kwanza. Bibi wa mtoto, shangazi, mama mdogo, nani kati yenu anaweza? Siku hiyo ya kwanza nenda naye mpaka ofisini kwa mkuu wa shule. Asipite peke yake uwanjani.

Vijana mliomaliza kidato cha nne, msidhani nimewasahau. Mtoto wa darasa la saba hufanya mtihani Septemba, halafu anakaa mpaka Januari. Miezi mitatu na zaidi. Alisoma miaka yote kwa Kiswahili, na Januari anakutana na vitabu vya Kiingereza. Aliyekuwa wa kwanza darasani ananyamaza. Anajua vizuri mmea unavyojitengenezea chakula, lakini swali limekuja kwa lugha ambayo hajaizoea, na anaona haya kuuliza. Shule huwapa wiki za mwanzo za Kiingereza, na wiki hizo hazitoshi.

Nanyi mnamaliza mtihani wenu Novemba, mnasubiri matokeo. Hamna cha kufanya zaidi ya kukaa na simu. Je, hamwezi kuwakusanya wadogo zenu, asubuhi mbili kwa wiki, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, katika darasa lililo wazi? Si lazima ujue kila kitu. Wafundishe kujitambulisha, kusoma maelekezo ya swali, majina ya vifaa vya maabara, maneno ya hesabu. Wanachuo walio likizo waje nao. Na notisi zenu za miaka minne msifungie maandazi. Mpe anayekufuata, ukiwa umeandika jina lako juu ili ajue kwamba mtu wa kijiji chake alizipitia kurasa hizo.

Wapo mabinti nchini wanaofanya hivi tayari. Shirika la CAMFED, ambalo limekuwa likisaidia wasichana hapa kwetu tangu mwaka 2005, lina wahitimu wanaorudi katika shule walizosoma na kuwa walezi wa wadogo zao, wakiwafundisha kujiamini na kupanga maisha. Dada aliyekaa kwenye dawati lile lile ana neno ambalo mgeni kutoka wilayani hana.

Tuseme pia habari ya taa. Umeme umefika vijiji vingi sana sasa, lakini nguzo inaweza kupita nje na ndani kukawa giza. Mwenye umeme, sebule yako saa moja hadi saa tatu usiku ina nafasi ya watoto wanne? Zima redio tu. Msikiti una taa ya sola baada ya isha, kanisa lina madawati ambayo Jumatatu hadi Ijumaa hayana mtu. Imamu na katekista wakikubaliana, kijiji kimepata chumba cha kujisomea bila kununua tofali.

Husimuliwa kwamba Chifu Makongoro wa Ikizu alikuwa akifika kwa Mtemi Burito wa Butiama, na huko akacheza bao na mmoja wa watoto wa mtemi. Mtoto akamshinda. Yule mgeni hakukasirika. Alimshauri baba ampeleke mtoto shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, mtoto akaenda Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Jina lake mnalijua, Julius.

Katika masimulizi hayo anayenivutia zaidi ni mgeni. Hakutoa ng'ombe wala fedha, alitoa neno kwa wakati wake. Kijijini kwenu kuna mtoto ambaye baba yake bado hajaamua. Pengine ni mfugaji wa Simanjiro au Kiteto ambaye kijana huyu ndiye mchungaji wake, na ana hoja, kwani ng'ombe hawajichungi. Nani anayesikilizwa na mzee huyo? Rafiki wa rika lake? Mjomba? Basi rafiki huyo aende, anywe naye chai, wapange pamoja nani atachunga. Mzazi huwasikiliza zaidi watu wake kuliko barua ya ofisi.

Nanyi mlioko mjini, Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, au mbali zaidi, Muscat, London na Minnesota, mnaolala na kuamka kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji. Sisi ni hodari wa kamati. Harusi ikitangazwa tunapata mwenyekiti, mweka hazina, ahadi, kadi, vikao vya kila Jumapili, na siku ikifika pilau ipo. Sina ugomvi na pilau. Ninachouliza ni hiki: kamati ile ile, ikishamaliza hesabu zake, haiwezi kuongezewa kazi moja ya mwezi Agosti? Watoto walio darasa la saba kijijini kwenu pengine hawafiki hata idadi ya walioalikwa kwenye meza za mbele. Mnaweza kuwajua kwa majina.

Mkichanga, anzeni kwa kumpigia mkuu wa shule kumuuliza kinachohitajika, maana kuna shule zina mipira kumi na hazina sufuria. Pesa ipite kwenye akaunti ya shule au kwa fundi moja kwa moja, risiti iwekwe kundini kila mtu aione. Na tafadhali, mtoto asipigwe picha akipokea viatu. Apewe na mwalimu wake au mama yake, ofisini au nyumbani, avivae kama vya wenzake.

Mchango wenyewe ubaki wa hiari. Ada ilifutwa ili mtoto asirudishwe nyumbani, kwa hiyo mtu asimrudishe kwa jina la mchango wetu mzuri.

Mnaweza kuniuliza, haraka ya nini? Haraka ipo. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani mpaka kidato cha nne kiwe cha kila mtoto. Kwa mpangilio wa mtaala mpya, wanaomaliza darasa la sita na wanaomaliza darasa la saba la zamani watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 wote wataelekea kidato cha kwanza. Madarasa mawili kwa mlango mmoja! Serikali ina hesabu zake za vyumba na walimu. Sisi tuna hesabu zetu: sufuria zinatosha? Mageto yatakuwa mangapi, na nani atapiga hodi? Mafundi cherehani kijijini ni wangapi?

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Usikose ule wa wakati wa mavuno. Likisomwa la barabara na la kisima na mkafika kwenye mengineyo, watu wakiwa wameanza kuchukua kofia zao, nyosha mkono. Uliza wanafunzi wa darasa la saba mwaka huu ni wangapi na wako vitongoji gani. Omba mtendaji aandike majina. Halafu kabla hujakaa, taja wewe utakayemchukua.